Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Mto Ruvu: tope hili halitoki kwenye bomba

Morogoro, kabla ya mvua za vuli

Kwa wenye dhamana ya maji, kilimo, misitu na barabara za vijijini katika Bonde la Ruvu

Waheshimiwa,

YAH: UCHAFUZI WA MAJI UNAOTOKA MASHAMBANI NA MISITUNI, MILIMA YA ULUGURU

Tunawasalimu kwa heshima. Haya tunayoyaandika si mageni kwenu. Yamesemwa vikaoni, yameandikwa kwenye taarifa, yameambatanishwa na picha, na jibu limekuwa lile lile: yanafanyiwa kazi. Masika yamekuja na kupita, mto umeshuka mwekundu kama kawaida yake. Ndiyo maana safari hii tunaandika hadharani, ili na anayeyanywa maji hayo apate kusoma.

Mto Ruvu unazaliwa Uluguru. Mgeta, Mbezi, Mfizigo na Mvuha zinaujaza kutoka milimani, na Ngerengere inakuja kuungana nao huko bondeni baada ya kupita Morogoro mjini. Chini kabisa kuna mitambo miwili inayoinywesha Dar es Salaam na baadhi ya maeneo ya Pwani: Ruvu Juu pale Mlandizi, iliyoanza 1959, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, iliyojengwa 1976. Maji yakifika pale na tope, shabu, yaani dawa ya kutuliza tope, huwekwa kwa wingi zaidi, vichujio huziba na kuoshwa mara kwa mara, na klorini hupungua nguvu kwa sababu vijidudu hujificha nyuma ya chembe za udongo. Gharama hiyo analipa mteja wa mjini bila kujua kwamba analipia udongo wa shamba la mtu.

Hoja yetu ni moja, na yote yanayofuata yanaieleza. Mnasimamia uchafuzi wa mto huu kana kwamba unatoka kwenye bomba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka mwenye kiwanda awe na kibali cha kutiririsha majitaka, na afisa anajua pa kwenda kuchukua sampuli: kwenye mdomo wa bomba. Mteremko wa Mgeta hauna mdomo. Uchafu wake unatoka sehemu elfu moja ndogo ndogo, kila moja kidogo tu, na zote zinafunguka kwa pamoja mvua inaponyesha. Hakuna kibali kinachoweza kutolewa kwa jambo hilo, hivyo limebaki halina mwenyewe.

1. Mnapima mto siku ambazo hauchafuki

Sampuli huchukuliwa siku ambayo gari limepatikana na barabara inapitika. Kwa kawaida hiyo ni siku ya jua. Maji yanaonekana safi, namba inaandikwa, taarifa inapendeza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya udongo wa mwaka mzima hupita kwa siku chache za mvua kubwa, na zaidi wakati maji yanapopanda, kabla mafuriko hayajafika kilele. Mvua za kwanza za vuli, zinapokuta mashamba yameshachomwa na kulimwa na hayana hata jani, ndizo mbaya kuliko zote.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Mto ukibeba gramu 2 za udongo kwa kila lita, huku maji yakipita mita za ujazo 20 kwa sekunde, ni kilo 40 kila sekunde. Saa moja ni tani 144, yaani malori ya tani 10 yasiyopungua kumi na manne. Sampuli moja ya siku ya jua kila robo mwaka haiwezi kuliona lori hata moja.

Chombo cha kupimia hali hii hakihitaji umeme wala mtaalamu kutoka nje. Chimbieni nguzo ya chuma ukingoni na mfunge chupa za lita moja, moja juu ya nyingine, kila baada ya sentimita 25. Kila chupa iwe na kizibo cha mpira chenye mirija miwili iliyopinda: mmoja wa kuingiza maji, mdomo wake ukitazama yanakotoka maji, na wa pili wa kutoa hewa, mdomo wake ukiwa juu zaidi. Mto ukipanda, maji huingia kwa mrija wa kwanza na hewa hutoka kwa wa pili. Maji yakiufunika na huo wa pili, chupa inajifunga yenyewe. Asubuhi mtu anakuja kuzikusanya, anaandika urefu wa maji, anachuja, anakausha udongo kwa nyuzijoto 105 na kuupima.

Yanayoharibika tunayajua. Mrija mwembamba chini ya milimita 5 huzibwa na majani. Mrija wa hewa ukiwekwa usawa mmoja na wa maji, maji huzunguka ndani ya chupa na kuacha udongo mwingi kuliko uliomo mtoni, na namba inadanganya. Chupa huibwa, kwa hiyo mlinzi awe mtu wa jirani anayelipwa kwa kila chupa anayoileta, siyo mgambo kutoka wilayani. Na gramu kwa lita peke yake si kitu bila kujua maji yaliyopita yalikuwa kiasi gani, kwa hiyo kila nguzo iwe jirani na rula ya kupimia kina cha mto.

2. Mita 60 zimegeuzwa kuwa dawa ya kila ugonjwa

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, shughuli za kudumu au zile zinazoweza kukidhuru. Hatupingani na kifungu hicho. Tunapingana na namna kinavyotumika, kwamba afisa akishapiga futi kamba na kung'oa migomba, kazi imeisha.

Sheria inapima umbali, lakini maji ya mvua yanafuata njia. Shamba lililo mita 400 juu ya mto, likiwa na kijia cha miguu kinachoshuka moja kwa moja hadi kivukoni, linachafua mto kuliko shamba la mita 30 lenye ukanda wa majani chini yake. La kwanza liko salama kisheria, la pili linafyekwa. Na likifyekwa katikati ya masika, ukingo uliokuwa umeshikwa na mizizi ya migomba na magimbi unabaki wazi na kumomonyoka. Mara ngapi tumeliona hilo likiitwa hifadhi!

Ukanda wa majani wenyewe unafanya kazi kwa sharti moja: maji yaingie yakiwa yametandaa. Maji yaliyokwisha kukusanyika kwenye mfereji hupasua ukanda wa mita 60 kama kisu, na hayaachi udongo wowote njiani. Kwa hiyo pa kuanzia ni pale maji yanapokusanyika, siyo pale yanapofika. Tunachopendekeza kitekelezwe ni hiki: mita 10 za kwanza kutoka ukingoni jembe lisiguse kabisa, pawe na majani ya kudumu na miti ya asili. Kutoka hapo hadi mita 60, yaruhusiwe kwa mwongozo wa maandishi mazao yasiyohitaji kutifua ardhi kila msimu. Kule Kinole na Matombo watu tayari wana migomba, mdalasini na pilipili manga. Yasiruhusiwe mboga, mahindi wala mihogo. Mihogo hasa, kwa sababu kuivuna ni kuichimbua ardhi nzima.

3. Matuta: mnaagiza kazi ambayo hamjaihesabu

Milima hii ina kumbukumbu, na wanaoandaa kampeni za matuta inafaa waijue. Kuanzia 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha matuta ya ngazi pana Uluguru nzima. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea, mtu akapigwa risasi na kufa, na mpango ukafutwa. Wengi wanasimulia habari hiyo kama ya siasa peke yake. Ilikuwa pia ya udongo. Udongo wenye rutuba milimani ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi pana unaufukia huo na kuleta juu udongo mwekundu usio na chakula, mahindi yanadumaa, na mwenye shamba anaona kwa macho yake kwamba ameadhibiwa kwa kutii.

Kwa hiyo neno "matuta" lisitamkwe bila kutaja mteremko. Kwenye mteremko wa wastani wenye udongo mnene, fanya juu linafaa: mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina, unaochimbwa kwa kufuata usawa, udongo ukitupwa upande wa juu. Kati ya mtaro na tuta paachwe ukingo wa sentimita 15 hadi 30, vinginevyo udongo unarudi mtaroni mvua ya kwanza tu. Juu ya tuta papandwe majani. Mteremko wa asilimia 15 unataka matuta yaliyoachana kama mita 11, na wa asilimia 25 kama mita 7. Usawa upimwe kwa fremu ya herufi A yenye kamba na jiwe, siyo kwa jicho. Kabla ya kuanza, fremu igeuzwe miguu, kamba inapoangukia pawekwe alama mara zote mbili, na katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Mstari uliokosewa kwa kiganja kimoja tu unakusanya maji yote sehemu moja, tuta linapasuka hapo, na yale ya chini yake yanafuatana kupasuka moja baada ya jingine.

Kwenye miteremko mikali zaidi, ambayo ndiyo mingi Uluguru, mtaro wa kuhifadhi maji unaweza kuwa hatari. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilishusha Mgeta maporomoko madogo ya udongo zaidi ya elfu moja. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Msituni, ambako mizizi mirefu imeshika udongo, yalikuwa haba mno. Ukichimba mitaro ya kunywesha maji kwenye mteremko kama ule, wenye udongo mwembamba juu ya mwamba, unaulowesha mlima hadi unateleza. Huko panafaa matuta ya ngazi ya Waluguru wenyewe: mabua na magugu hulazwa mistari ya kukata mteremko, kisha udongo wa juu huvutwa kuyafunika. Panafaa pia mistari ya majani ya vetiva au ya guatemala, na miti iliyochanganywa na mazao. Majani haya si mzigo. Mbuzi wa maziwa wa Mgeta wanayala, na mfugaji atautunza mstari wa majani kuliko afisa yeyote.

Sasa hesabu ambayo hatujaiona kwenye mpango wenu wowote. Ekari moja yenye matuta ya fanya juu kila mita 10 ina urefu wa mtaro wa karibu mita 400. Kila mita moja ni mita za ujazo 0.36 za udongo. Jumla ni mita za ujazo 144 hivi. Mtu mwenye nguvu, akichimba mita za ujazo 2 hadi 3 kwa siku, atatumia siku 50 hadi 70 kwa ekari moja, na kiangazi ndicho kipindi ambacho wengi wanashuka mabondeni kutafuta vibarua. Mnaagiza miezi miwili ya kazi bila malipo, faida yake kubwa ikienda kwa mtu aliye kilomita nyingi chini ya mto. Halafu mnaandika kwenye taarifa kwamba mwitikio wa wananchi ni mdogo.

Malipo kwa wakulima wa juu yaliwahi kujaribiwa hapa hapa, Kibungo Juu, kwa fedha za watumiaji wa maji wa chini. Majaribio yale yalionyesha kwamba mkulima hulima tofauti akilipwa. Hayakugeuzwa kuwa utaratibu wa bonde zima, na hilo ndilo tunalolidai.

4. Barabara na mitaro yake

Hapa ndipo pana uchafu mwingi kwa fedha ndogo ya kuurekebisha, na ndipo ambapo hamna wa kumsingizia isipokuwa nyinyi wenyewe. Barabara ya udongo ya mlimani ni mfereji. Inapokea maji ya mteremko mzima, inayakusanya kwenye mtaro mmoja, inayakimbiza nusu kilomita na kuyamwaga kupitia kalvati, lile bomba la chini ya barabara, juu ya shamba la mtu. Msimu wa kwanza ni mkwaruzo, wa tatu ni korongo lenye kina cha kimo cha mtu, na chini ya korongo kuna kijito.

Makosa tunayoyakuta ni yale yale. Mitaro ya kuchepusha maji iko mbali mno: kwenye mteremko mkali tunataka iwe kila mita 20 hadi 40, na kila mmoja utoe maji kwenye majani au mawe, siyo kwenye shamba la mahindi. Vizuizi vya mawe ndani ya mtaro hujengwa kwa kukisia. Kanuni ni rahisi: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe usawa na mguu wa kizuizi cha juu. Kizuizi cha sentimita 30 kwenye mteremko wa asilimia 10 kinarudiwa kila mita 3, na ukiweka kila mita 15 umepoteza mawe. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni, la sivyo maji yanazunguka na kula ukuta wa mtaro. Mdomo wa kalvati utandikwe mawe makubwa urefu usiopungua mara tatu ya upana wa bomba. Na greda lisipite kusafisha mitaro kwa kukwangua majani yote wiki mbili kabla ya masika. Kazi hiyo, tunayoishuhudia kila mwaka ikifanyika kwa bidii kubwa, inaharibu kuliko kama isingefanyika. Majani yakatwe, yasing'olewe.

Vijia vya miguu vina tatizo hilo hilo kwa udogo wake. Gogo au mstari wa mawe uliolazwa mshazari kila hatua kumi na tano hadi ishirini unatosha kuyatoa maji njiani. Hili kijiji kinaweza kulifanya kwa siku mbili, akipatikana mtu wa kuonyesha wapi.

5. Mbolea na dawa za mboga

Fosforasi hushika udongo na kusafiri nao. Naitrojeni huyeyuka na kuzama na maji. Kwa hiyo kuzuia mmomonyoko kunaokoa ya kwanza, lakini ya pili inaokolewa tu kwa kuweka mbolea kidogo kwa wakati wake. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP una kilo 9 za naitrojeni, na wa urea una kilo 23. Mkulima anayemwaga urea yote siku moja juu ya udongo uliolowa, mvua ikinyesha usiku ule, amelipia mbolea ya kukuza mwani bwawani. Kipimo cha kisoda, ambacho ni gramu 5 hivi, kwa shimo, umbali wa vidole vinne hadi vitano kutoka kwenye shina, kisha kufukiwa: ushauri huu unajulikana kwa kila bwana shamba. Kinachokosekana ni bwana shamba mwenyewe kufika.

Dawa za kabichi na nyanya ni suala la mahali pamoja padogo sana: pale mtu anapochanganyia na kuoshea bomba la mgongoni. Anachagua kando ya kijito kwa sababu maji yako hapo. Tone la dawa ambayo haijachanganywa, likimwagika pale, linaweza kuzidi kinachooshwa shambani. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, kila mara maji ya suuzo yakimiminwa ndani ya bomba na kupuliziwa shambani, kisha itobolewe. Kila eneo la mboga lijengewe mahali pa kuchanganyia, mbali na maji: pipa la maji, na shimo la sentimita 60 lililosiribwa mfinyanzi na kujazwa mchanganyiko wa nyasi kavu sehemu mbili, udongo wa juu sehemu moja na mboji sehemu moja. Vijidudu vya mchanganyiko huo huzivunja dawa nyingi kabla hazijafika popote. Shimo lifunikwe masika, kwa sababu likijaa maji ya mvua linakuwa chanzo badala ya tiba. Mchanganyiko husinyaa, kwa hiyo uongezewe kila mwaka.

6. Misitu, na ardhi iliyokuwa misitu

Msitu wa asili uliotangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008 haumchafulii mtu maji. Uchafu unatoka kwenye kingo zake na kwenye mashamba ya miti yaliyo chini yake. Moto wa Septemba na Oktoba unateketeza majani yaliyolala chini, na vuli inakuta majivu. Magogo yanaburutwa kushuka mteremko, na kila mburuto unakuwa mfereji unaoelekea kijitoni. Mitiki iliyopandwa peke yake ina lake: matone huungana juu ya jani pana, huanguka makubwa kuliko ya mvua yenyewe, na chini yake, kwa kuwa pamechomwa au pamefagiliwa, udongo unaruka. Kusema "tumepanda miti" si sawa na kusema "tumefunika ardhi".

Vibali vya uvunaji viwe na masharti yanayokagulika: kuvuna kiangazi tu, magogo yaburutwe kwa kukata mteremko, kila njia ya magogo ifungwe kwa matuta ya mshazari kabla mkataba haujamalizika, na dhamana isirudishwe mpaka mkaguzi aione baada ya mvua ya kwanza.

Kuhusu mifugo ya bondeni tutasema kidogo. Mabirika ya kunyweshea yakijengwa mita mia moja kutoka mtoni, ng'ombe hawatavunja kingo wala kunya majini. Yakijengwa na yasipate maji, watarudi mtoni siku hiyo hiyo.

Tunajua majibu yatakayokuja.

Mtasema hakuna fedha. Fedha ipo, inatumika kununua shabu. Mtasema Bwawa la Kidunda, la mita za ujazo milioni 190, litamaliza tatizo. Bwawa litasaidia kiangazi, na tope litatua humo kwanza. Nendeni Mindu, bwawa lililojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya Morogoro, mkatazame unakoingilia mto, mahali palipokuwa maji na sasa pameota nyasi. Mtasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mvua ikiwa kali zaidi, hiyo ni sababu ya kuharakisha, siyo ya kusubiri. Mtasema wakulima ni wabishi, na sisi tutawaomba muisome tena hesabu ya siku 70. Na kila ofisi itasema jambo hili ni la ofisi nyingine: maji itasema ni la kilimo, kilimo itasema ni la misitu, misitu itasema barabara si yake. Hapo ndipo barua zetu zote zimekuwa zikifia.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, kwa maandishi:

(a) Kabla ya masika yajayo, nguzo za chupa ziwekwe kwenye Mgeta, Mbezi, Mfizigo, Mvuha na Ngerengere, kila moja juu kidogo ya mahali inapoungana na Ruvu, na matokeo ya kila mvua yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na ofisi za maji, siyo yafungiwe kabatini.

(b) Kila kijito kipitiwe kwa miguu wakati mvua inanyesha, sehemu zinazomwaga tope ziwekewe namba na kuchorwa kwenye ramani. Tuanze na zile chache zinazomwaga zaidi. Kazi hii jumuiya za watumia maji zinaiweza, zikipewa makoti ya mvua, posho na mtu mmoja wa kuzielekeza.

(c) Sehemu ya kila bili ya maji ya Ruvu itengwe kwenye mfuko wa bonde, ikatwe kisheria na isitegemee mradi wala mfadhili. Mkulima alipwe kwa mita ya tuta au mstari wa majani: nusu likikamilika, nusu baada ya masika moja likiwa bado limesimama, na kiasi kidogo cha matunzo kila mwaka baada ya hapo.

(d) Mkataba wowote wa barabara ya mlimani usiidhinishwe bila mchoro unaoonyesha kila mtaro wa kuchepusha unamwaga wapi, na mkandarasi arudi kukagua baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwa gharama yake.

(e) Mwongozo wa mita 60 utolewe kama tulivyoeleza kwenye hoja ya 2, na ung'oaji wa mazao kandokando ya mito usitishwe kuanzia Machi hadi Mei.

(f) Kila kijito kikubwa kiwe na mtu mmoja anayewajibika kwa maji yake, kwa cheo, mwenye mamlaka ya kuwaita maofisa wa maji, kilimo, misitu na barabara mezani kwake.

Tunaomba majibu ndani ya siku 60. Wataalamu wenu wakitaka kupitia hesabu hizi pamoja nasi, tupo tayari kwa siku yoyote watakayopanga, ilimradi iwe siku ya mvua na tuwe shambani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wapimaji, mabwana shamba na mabibi shamba wa hifadhi ya udongo na maji,
Milima ya Uluguru

Nakala:
Serikali za vijiji za Uluguru Mashariki na Magharibi
Jumuiya za watumia maji
Kila mlipa bili ya maji ya Ruvu